Mpeni Mwalimu Tarajali Zamu ya Kusema

Mkabidhi kipaza sauti mwanachuo yeyote wa ualimu wa huku Kanda ya Ziwa kwenye sendofu ya dada yake, kisha ukae pembeni utazame. Atawasimamisha wajomba, atawaketisha mashangazi, ataitisha zawadi kwa mafumbo na ukumbi mzima utamwitikia. Jumatatu yake mpe chaki na darasa la sekondari, somo la biolojia, mada "photosynthesis". Kijana yuleyule sauti inamshuka. "Today we are going... we are going to learn about..." Anageukia ubao, anaandika kichwa cha somo polepole, anakipigia mstari, halafu anaongeza mstari wa pili. Kwa dakika tano za kwanza darasa linafundishwa na mgongo wake.

Tunapomwona hivyo tunasema hajiamini, na dawa tunayompa ni kumwambia ajiamini. Lakini huyu hana hofu ya watu, sendofu imetuonyesha. Anachoogopa ni kukosea Kiingereza mbele za watu na kuchekwa. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa maneno ya kutiana moyo. Inaondoka kwa kusema mara nyingi, kwa muda mfupi, mbele ya wachache wanaomsikiliza, juu ya jambo analolijua vizuri. Makala haya yanaeleza namna ya kumpa nafasi hiyo. Yanawahusu kwanza wakufunzi wa vyuo, kuanzia Butimba hadi Murutunguru kule Ukerewe, Katoke, Tarime, na idara ya elimu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) pale Malimbe. Yanawahusu pia walimu wanaowapokea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha shuleni (BTP), na wanachuo wenyewe.

Mzigo wenye historia

Tusimlaumu kijana kabla ya kujua alikotoka. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Kiswahili kilishika nafasi ya lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nayo ihamie Kiswahili. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliandika ripoti iliyosema wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kusomea masomo mengine. Mradi wa kuinua ufundishaji wa Kiingereza ukafuata mwaka 1987, vitabu vikasambazwa, mradi ukamalizika.

Mwalimu tarajali wa leo amepita katika njia hiyohiyo. Kiingereza alichokisikia shuleni kwa sehemu kubwa kilikuwa cha kunakili ubaoni na kujibu mtihani kwa kalamu. Anaweza kuandika aya nzima isiyo na kasoro, na bado hajawahi kusema sentensi tano mfululizo bila kusoma mahali. Zamani aliyejiona dhaifu aliweza kujificha kwa kufundisha darasa la kwanza na la pili. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umesogeza somo la Kiingereza mpaka darasa la kwanza, na kichaka hicho kimefyekwa. Zaidi ya hapo, anayeomba ajira ya ualimu serikalini siku hizi hupitia usaili, ambako hana ubao wa kuugeukia.

Mjadala wa lugha ipi ifundishie sekondari ni mjadala halali, na uendelee. Ila wakati unaendelea kuna kijana atakayesimama mbele ya watoto wiki ijayo, na watoto hao hawawezi kuusubiri umalizike.

Aanze na anachokijua

Kosa la kwanza vyuoni ni kumpa mtu mizigo miwili kwa wakati mmoja: jambo jipya na lugha ngumu. Mwanachuo aliyekulia Kayenze au Ukara anaambiwa aandae hotuba ya Kiingereza juu ya utandawazi. Hana la kusema juu ya utandawazi hata kwa Kiswahili. Anakwenda maktaba, ananakili, anakariri, na siku ya siku anasahau sentensi ya tatu na kila kitu kinabomoka.

Mwambie badala yake aeleze namna dagaa wanavyovuliwa. Hapo hana haja ya kitabu. Anajua kwamba wavuvi hutoka usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Kwamba taa za karabai, na siku hizi za sola, huwavuta dagaa wakajikusanya. Kwamba asubuhi huanikwa mchangani au kwenye vichanja, na ole wake mwenye mzigo mvua ikimkuta, maana dagaa waliolowa huishia kuwa chakula cha kuku. Kichwa chake kimejaa. Kilichobaki ni lugha peke yake, na mzigo mmoja unabebeka.

Mzuie kuandika hotuba nzima. Akiandika ataisoma, na akinyang'anywa karatasi ataikariri. Mpe kipande cha karatasi kinachotosha kiganja, aandike maneno matano tu ya Kiingereza: "moon", "lamp", "net", "sand", "rain". Kila neno ni kituo. Akifika kwenye "lamp" aeleze taa kwa maneno yatakayomjia. Akikosa neno la karabai aseme "a lamp that burns kerosene", aendelee. Ustadi huo wa kulizunguka neno lililokosekana ndio utakaomwokoa darasani siku mwanafunzi atakapomuuliza jambo lisilokuwa kwenye andalio la somo.

Mada za namna hiyo hazikauki huku kwetu. Namna ya kuchagua sangara asiyelala, pale soko la Mwaloni. Safari ya meli kutoka Mwanza hadi Nansio. Mashindano ya vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakati wa tamasha la Bulabo, pale Bujora. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na jinsi foleni ya kivuko ilivyokuwa kabla yake. Mwanachuo wa Kisukuma aliyekua akiwatazama manju, viongozi wa ngoma, wakishindana kuvuta watu anajua kuteka hadhira kuliko kitabu chochote cha hotuba kitakavyomfundisha. Hilo asiliache getini anapoingia kwenye kipindi cha Kiingereza.

Muda mfupi, zamu nyingi

Tupige hesabu. Darasa la chuo lina wanachuo 60. Ukimpa kila mmoja dakika tano mbele ya wenzake wote, unahitaji dakika 300, yaani saa tano za vipindi, na kila mmoja atakuwa amesema mara moja tu. Wengine 59 muda wote huo wamekaa wanasinzia, au wanatetemeka wakingoja zamu. Ndiyo maana hotuba mbele ya darasa zima, pamoja na sifa zake, haijengi usemaji. Inaupima tu.

Kuna mbinu inayofahamika sana kwa walimu wa lugha duniani, iliyoenezwa na Paul Nation wa New Zealand, inayoitwa 4/3/2. Wanachuo wanakaa wawiliwawili. Wa kwanza anaeleza mada yake kwa dakika nne, mwenzake anasikiliza bila kumkatiza. Kisha wanabadilishana wenza, na msemaji yuleyule anaeleza jambo lilelile kwa msikilizaji mpya, safari hii kwa dakika tatu. Wanabadilishana tena, anaeleza kwa dakika mbili. Halafu waliokuwa wasikilizaji wanakuwa wasemaji. Jumla ni dakika 18 na darasa zima limesema, kila mtu mara tatu.

Faida yake imo katika kurudia. Mara ya kwanza mtu anatafuta maneno, anakwama, anasema "eeeh" nyingi. Mara ya pili maneno yale magumu tayari ameshayakamata. Mara ya tatu dakika mbili zinamlazimisha kuacha porojo na kusema kiini. Kwa kuwa msikilizaji amebadilika, marudio hayo yana maana. Anamwambia mtu ambaye kweli hajasikia. Ukiingia chumba kile utakuta kelele za soko, na usiogope. Makelele ya wanachuo 30 wanaosema Kiingereza kwa mpigo ni dalili njema kuliko ukimya wa 59 wanaomsikiliza mmoja.

Baada ya wiki kadhaa za namna hii, panua hadhira kidogokidogo: kutoka mmoja hadi watano, kutoka watano hadi kumi na watano, ndipo darasa zima. Na katika kugawa zamu kuwa macho. Wanaojitolea kila siku ni walewale watatu waliosoma shule za Kiingereza tangu utotoni. Wasichana wengi hukaa kimya kwa sababu vicheko huwaandama zaidi. Zamu ziende kwa orodha, asirukwe mtu, na aliyezoea kusema apewe kazi ya kuwa msikilizaji mzuri.

Usimkate katikati

Mwanachuo anasema, "My mother, he is a fish trader." Mkufunzi, kabla sentensi haijatua, anadaka: "She! She is!" Darasa linacheka. Kijana anarudia "she is", anasahau alikuwa anaelekea wapi, anakaa. Kosa limesahihishwa na msemaji ameuawa.

Kosa lenyewe ni la kawaida kabisa kwetu. Kiswahili, Kisukuma, Kijita na Kikerewe hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kwa hiyo hata mjuzi aliyechoka huteleza. Halionyeshi kwamba hajui kanuni. Ukimpa mtihani wa kuandika atapata zote. Ni ulimi ambao haujazoea, na ulimi huzoea kwa kuachwa useme.

Utaratibu unaofaa ni huu. Wakati mtu anasema, mkufunzi anaandika kimya kwenye daftari. Akimaliza, kwanza ajibiwe kwa alichokisema: "Kumbe dagaa wakilowa hupewa kuku? Bei yake inashuka kiasi gani?" Kuulizwa swali ni ushahidi kwamba ameeleweka, na hakuna sifa inayozidi hiyo. Kisha darasa lipewe makosa mawili, yasiyozidi, bila kumtaja mwenye kosa, wayasahihishe pamoja. Mengine yasubiri.

Ni makosa yapi yachaguliwe? Yale yanayopotosha maana kwanza. Chukua l na r. Wapo wanachuo ambao lugha zao za nyumbani zina sauti moja tu kati ya hizi mbili, na ulimi unabadilisha bila mwenyewe kujua. Katika mazungumzo ya mtaani si hoja. Darasani mwalimu akitaka kusema "collect the exercise books" akatamka "correct", watoto watiifu watakaa wakisubiri waambiwe wasahihishe nini, naye atadhani ni wakaidi. Hilo linastahili dakika kumi za mazoezi. Vivyo hivyo "work" na "walk", au "bird", "bad" na "bud", ambazo kwa wengi wetu hutoka sawasawa.

Linalofuata ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba mkazo huo kila tuendako. Katika "photosynthesis" mkazo uko kwenye "syn", katika "temperature" uko mwanzoni kabisa. Mwanachuo akijifunza neno jipya la somo lake aandike na mkazo wake palepale, kwa kupigia mstari silabi inayobeba nguvu. Istilahi kama 15 za mada moja zikitamkwa vizuri, mwalimu husikika ana uhakika hata kama sarufi yake ina makovu.

Lafudhi nayo iachwe. Mwalimu wa Sengerema hana sababu ya kusema kama mtangazaji wa London. Anayebana pua ili asikike Mzungu hupoteza nguvu ambazo angezitumia kueleweka, na watoto hujifunza kubana pua tu.

Sauti, pumzi na mabati

Kuna mambo ya kusimama na kusema ambayo hayana lugha, na mwalimu wa shule zetu anayahitaji kuliko msemaji wa hotelini. Darasa laweza kuwa na watoto 90. Paa ni la mabati lisilo na dari, na mvua ya Ziwa inapoanza hakuna koo linaloshindana nayo. Mfundishe kijana kujiandaa: mvua ikianza, aache kueleza, awape zoezi lililoandikwa ubaoni, apite katikati ya madawati. Kupiga kelele ni kupoteza sauti ya vipindi vitatu vijavyo.

Kuhusu ubao, kuna kanuni moja: usiuambie ubao maneno yako. Andika ukiwa kimya, geuka, vuta pumzi, mtazame mtoto wa dawati la nyuma, ndipo useme. Pumzi ile fupi inampa mwalimu nafasi ya kupanga sentensi ya Kiingereza, na darasa linaiona kama utulivu. Wanachuo wengi huogopa ukimya, wanaujaza kwa "okay, okay, so, so". Waonyeshe kwamba sekunde mbili za kunyamaza hazijamdhuru mtu.

Kiingereza cha kuendeshea darasa

Kabla ya hotuba yoyote, mwalimu anahitaji akiba ya sentensi za kila siku zitoke bila kufikiri: kufungua kipindi, kugawa makundi, kuomba utulivu, kumsifu aliyejaribu, kumrudisha aliyepotea, kutoa kazi ya nyumbani. Zikusanywe kama 30, ziwe fupi, zisemwe kila siku chuoni mpaka zichoshe. "Work in pairs." "Say it again, a little louder." "Good try. Who can help her?" "Look at the diagram, not at me." Mwenye sentensi hizi mdomoni anaweza kuzitumia nguvu zake zote kueleza somo.

Katika akiba hiyo kuna zinazofaa kuondolewa. Mojawapo ni ile tuliyoirithi wote: "Are we together?" Darasa zima hujibu "Yeees!" na hakuna aliyeelewa. Pamoja nayo ni "Do you understand?" Maswali hayo yanamfurahisha mwalimu na kuishia hapo. Mfundishe kijana kuuliza swali ambalo "yes" haliwezi kulijibu: "What does the leaf take from the air?" Mtoto akijibu "carbon dioxide" kwa neno moja, au hata akaanza kwa Kiswahili, mwalimu amejua alipofika.

Na Kiswahili kisigeuzwe haramu. Kuna shule ambazo mlango wa ofisi ya walimu umebandikwa "No English, No Service", na mtoto mwenye shida anarudi nayo nyumbani kwa sababu hakuwa na maneno ya kuiombea. Kibao hicho hakijawahi kumfundisha mtu lugha, kinamfundisha kunyamaza. Mwalimu akieleza dhana ngumu kwa Kiswahili kwa dakika moja, kisha akairudia kwa Kiingereza chepesi, amefundisha. Ubaya ni pale kipindi kizima kinapohamia Kiswahili na ubaoni kubaki Kiingereza cha kunakili. Kubadili lugha kuwe kwa mpango, mwanachuo aandike kwenye andalio lake ni wapi atatumia lugha ipi na kwa nini.

Tuutengeneze mdahalo

Mdahalo wa Ijumaa ni hazina ambayo tayari tunayo shuleni na vyuoni, ila tumeuacha ukapata kutu. Msemaji anasimama: "Honourable chairperson, secretary, timekeeper, panel of judges, invited guests, fellow students, ladies and gentlemen..." Salamu ikiisha, mtunza muda anagonga meza. Hoja nazo ni zilezile walizobishania baba zetu: shule za bweni na za kutwa, mwalimu na mkulima, elimu na fedha. Kila mtu anajua kitakachosemwa, na wengi wamekariri.

Marekebisho matatu yanatosha. Salamu iwe "Chairperson, friends", basi. Hoja iwe ya jambo linalowagusa na ambalo jibu lake halijulikani. Mwaka 2024 serikali ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti, ili samaki wazaliane. Je, Ziwa Victoria nalo lifungwe? Mtoto wa mvuvi na mtoto wa mwenye duka la nyavu watabishana kweli, na ubishi wa kweli hutoa lugha. Tatu, kila msemaji wa pili aanze kwa kurudia hoja ya mpinzani wake kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuijibu. Hapo karatasi iliyokaririwa haimsaidii; inabidi asikilize.

Hotuba ya asubuhi mstarini nayo itumike. Mwanachuo wa BTP aombe zamu. Dakika mbili, jambo moja, maneno matano kiganjani.

Kwa mwalimu anayempokea wakati wa BTP

Ndugu mwalimu mwenyeji, usimtupie kijana darasa la watoto 90 siku ya kwanza ukaenda kwenye shughuli zako. Mpe wiki ya kwanza dakika kumi tu za kila kipindi chako: afungue somo, au afanye marudio. Wiki ya pili nusu kipindi. Kaa nyuma, usimsahihishe mbele ya wanafunzi hata akisema jambo la kukukwaza masikio; mkishatoka nje, chini ya mti, mwambie mambo mawili mazuri na moja la kurekebisha. Mwalimu anayesahihishwa mbele ya watoto hupoteza darasa lile mpaka BTP inaisha.

Nawe sema Kiingereza naye, hata ofisini, hata chenye makosa. Kijana akiwasikia walimu wakongwe wakihangaika na lugha bila aibu, atajua kwamba kukosea hakumwondoi mtu kazini.

Kwa mwanachuo mwenyewe

Usingoje chuo kikupangie. Tafuta wenzako wanne, mkutane mara mbili kwa wiki, nusu saa, hata kwenye miamba ya Capri Point jioni. Chama cha Toastmasters kilichoanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924 kimeenea duniani kwa utaratibu ambao hauhitaji fedha: mmoja anasema, mmoja anatunza muda, mmoja anahesabu "eeeh" na "okay", mmoja anatoa maoni, na kesho wanabadilishana kazi. Nanyi fanyeni hivyo.

Tumia simu yako. Kurekodi sauti hakuli bando. Eleza mada utakayofundisha kesho kwa dakika mbili, jisikilize, chagua jambo moja la kurekebisha, rekodi tena. Watu wengi hawapendi kusikia sauti yao mara ya kwanza. Wakishaizoea huanza kusikia yale ambayo mkufunzi angewaambia. Soma kwa sauti pia, ukurasa mmoja kila siku wa kitabu cha kiada cha somo lako, kwa kuwa ndicho Kiingereza utakachokihitaji.

Na ukidhani wasemaji wakubwa wa Kiingereza walizaliwa nacho, mfikirie Julius Nyerere, mtoto wa Butiama aliyekua akisema Kizanaki, akaanza darasa la kwanza pale Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Kiswahili alikikuta njiani, Kiingereza baadaye zaidi. Akasoma ualimu Makerere, akafundisha Tabora na Pugu. Tarehe 7 Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaieleza dunia kwa Kiingereza kile ambacho Tanganyika ilikuwa ikidai. Kabla ya jukwaa hilo alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi wa sekondari kwa miaka, na jina la Mwalimu alilipata huko.

Wakufunzi wenzangu, hili halihitaji mradi wala mfadhili. Linahitaji dakika 18 katika ratiba ya wiki, daftari la kuandikia makosa kimya kimya, na uvumilivu wa kumwacha mtu amalize sentensi yake. Muhula huu ukianza, ingizeni dakika hizo kwenye ratiba kabla haijajaa mambo mengine. Mwalimu ambaye hakusema chuoni hatasema darasani, na watakaolipa gharama ya ukimya wake ni watoto.